Fomu ya huku inauliza, jirani wa kwetu anauliza

Juzi nimempeleka mtoto chanjo, nikapewa fomu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, halafu kile kisanduku: "Mweusi au Mmarekani mwenye asili ya Afrika". Nikaweka tiki. Kwenye benchi, mama mmoja wa Bukavu akaweka tiki palepale. Kijana wa Sudani naye palepale. Jamaa wa nne, mzaliwa wa Chicago, vilevile. Kwenye takwimu, sisi wanne ni ndugu wa tumbo moja.

Naishi Iowa City, mji wa chuo huku Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 74,828; Dar kuna kata zinazopita hapo. Na katika hao wamo wanafunzi kibao, maana chuo kikuu kina zaidi ya 30,000, na sensa huwahesabu hapa wanaposomea, si kwa mama zao. Hata 2020, corona ilipowarudisha makwao mwezi wa Machi, walihesabiwa hapa. Uwanja wa mpira wa chuo unaingiza watu 69,000 na ushee. Karibu mji mzima! Mwisho wa Julai mikataba ya nyumba inapoisha, makochi yanatupwa barabarani. Langu nililiokota hapo, sioni aibu.

Ila kisanduku kinanikera. Tanzania tuliulizwa kabila kwenye sensa mara ya mwisho 1967. Hata 2022, tulipofika watu 61,741,120, karani hakuuliza mimi Mluguru au nani. Hilo najivunia, na huku huwa nawatambia.

Najua mtakavyosema: "Umekula baga mbili, umeanza kutufundisha." Hapana, sijafika huko. Tena wenye fomu wana hoja: bila hizo namba, utathibitishaje kwamba watu fulani wananyimwa nyumba au kazi? Mwingine atasema nimesahau ubaguzi wa huku. Sijausahau, ndugu yangu, nauishi.

Lakini tuambizane. Karani wetu haulizi, sawa, ila nani mwingine aliyewahi kuacha kukuuliza? Unatafuta chumba, mwenye nyumba anakuuliza wewe mtu wa wapi, na hakusudii mtaa. Unapeleka posa, mjomba anauliza kabla hujakalia kiti. Umezaliwa Temeke, baba yako kazaliwa Temeke, bado wewe ni "mtu wa Morogoro". Huku mtoto wa chuo wa miaka kumi na tisa aliyefika na begi juzi tayari sensa inamhesabu mkazi kamili, na jirani yangu wa mlango wa pili, mwaka wa nne sasa, hajaniuliza hata nchi.

Basi yule mama wa Bukavu akanigeukia, fomu bado mkononi. "Uko kabila gani?"

Nikamjibu haraka kuliko nilivyojaza fomu, na furaha juu.