Samansi Hukusaini, Kenta Utaisaini

Nina hasira tangu Alhamisi, na leo nimeona nizimwage hapa kabla sijagombana na watu wa kijiweni.

Alhamisi asubuhi, saa tatu hivi, kenta ilisimama mbele ya kibanda cha fundi wetu wa nguo. Wakashuka vijana wanne na mzee mmoja wa shati lililonyooka, karatasi zake kwenye faili la plastiki. Dalali wa mahakama, amekuja kukamata mali kwa deni la mkopo. Haikupita nusu saa walikuwa wamepakia friji, televisheni, makochi na cherehani mbili. Ya pili walipoinyanyua bado ilikuwa na kitenge chini ya sindano: gauni la mteja, la harusi ya Jumamosi, mkono mmoja umeshonwa, mwingine umeshikwa kwa pini. Kijana alikivuta, kikachanika. Dada wa watu hakulilia friji wala makochi. Alililia kile kitenge, kwa kuwa hakikuwa chake.

Na sisi majirani? Tulitoa simu tukarekodi. Kuna aliyemwambia mwenzake asogee, anamzibia.

Jioni kwenye kahawa mada ikawa hiyo hiyo. Bingwa mmoja, mwenye jibu la kila jambo kuanzia Yanga hadi bei ya mbolea, akatoa hukumu yake: "Kosa lake alisaini samansi. Mimi karatasi ya mahakama siigusi. Usiposaini hawana pa kukushika." Wenzake wakaitikia. Wengine wakaapa pale pale kwamba nao hawatasaini.

Jamani. Yule dada hakusaini kitu! Ndiyo maana kenta ilikuja.

Ijumaa nilikaa naye tukipekua mfuko wa vipande vya vitambaa anamotupia karatasi zake. Samansi ya kwanza ilipoletwa alijifungia ndani, mtoto akatumwa aseme mama amesafiri Tanga. Ya pili aliikataa mkono kwa mkono, tena kwa maneno makali, na mtaa mzima ukamsifu. Ya tatu ilibandikwa mlangoni. Akaibandua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko. Basi, akaamini kesi imeisha.

Hivi tunadhani mahakama ni mgeni wa kuja kula, kwamba asipofunguliwa mlango atachoka aende zake? Sheria ilishatufikiria sisi wakimbiaji kitambo. Ukikataa kupokea, mpeleka samansi anaibandika mlangoni, anarudi mahakamani kueleza alivyofanya. Usipopatikana kabisa, mahakama inaweza kuruhusu utangazwe gazetini. Ikiridhika kwamba taarifa imekufikia, inaendelea bila wewe. Mdai anasimama peke yake, anasema anachotaka, na hakuna wa kumuuliza swali hata moja. Dada yetu alikuwa ameshalipa marejesho ya miezi kadhaa kabla ya kukwama, na daftari lake lipo, limeandikwa kwa kalamu ya chaki ile ya kuchorea vitambaa. Nani alilipeleka daftari mahakamani? Hakimu si mganga aone kwenye beseni la maji kwamba ulilipa. Ikatoka hukumu ya upande mmoja, deni zima, milioni tatu na ushee, na gharama za kesi juu yake.

Hata hapo mlango ulikuwa haujafungwa. Hukumu ya upande mmoja unaweza kuomba itenguliwe, ndani ya siku 30, ukiwa na sababu ya maana ya kutofika. Sasa sababu ni ipi? "Nilimwambia mtoto aseme niko Tanga"?

Nayasema haya kwa ukali kwa sababu nami niliwahi kuwa mshindwa tuzo, yaani aliyeshindwa kesi akaamriwa kulipa. Jina lenyewe utadhani nilikosa kombe la mashindano ya shule. Nilimdhamini mfanyakazi mwenzangu, akahama mji, akabadilisha namba, mkopeshaji akanigeukia mimi. Mahakama ya wilaya, milioni mbili na laki nane. Siku ile nilitoka nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, na nauli ya daladala ilikuwa mfukoni. Wiki tatu sikumwambia mke wangu. Kila pikipiki iliyosimama nje, moyo unalipuka.

Kilichoniokoa ni karani mmoja mama, wala hakujua kwamba ananiokoa. Nilikuwa nimekwenda kuchukua nakala ya hukumu, nimejiinamia, akaniuliza bila kuinua macho: "Baba, umeshaongea na mwenzio?" Mwenzio! Yaani aliyenishtaki. Sikuwahi kumfikiria hivyo.

Ila ndivyo mambo yalivyo. Kwa mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inaruhusu kulipa kwa awamu. Lakini hukumu ikishatoka, awamu hizo zinataka ridhaa ya mshinda tuzo, yaani aliyeshinda kesi. Kwa hiyo mtu unayemkimbia ndiye mwenye ufunguo. Nikamwendea ofisini kwake na barua, nimevaa vizuri kama naomba kazi. Akaniuliza naweza kulipa shilingi ngapi kwa mwezi. Aibu ikanishika, nikasema laki nne. Laki nne! Mimi ambaye nikishalipa kodi na ada ya mtoto nabaki na hela ya dagaa. Mwezi wa kwanza nililipa kwa kukopa. Wa pili nikashindwa, nikarudi kwake mdogo kama piritoni. Tukaandika upya, laki moja na ishirini, tukasaini wote wawili, tukaipeleka mahakamani ikaingizwa kwenye jalada. Nikalipa miaka miwili na miezi kidogo. Kama uko mahali nilipokuwa, taja kiasi unachokiweza mwezi ambao mtoto anaumwa na mvua imetoboa paa. Aibu haina risiti.

Na kuna kitu kilinishangaza, sijui kwa nini hatuambizani. Riba baada ya hukumu, kwa sheria hiyo hiyo, ni 7% kwa mwaka. Kwa mwaka, siyo kwa wiki. Mkikubaliana kwa maandishi inaweza kupanda, ila isizidi 12%. Piga hesabu: milioni mbili na laki nane, asilimia saba, ni 196,000 kwa mwaka, kama elfu kumi na sita na ushee kwa mwezi. Linganisha na hawa kausha damu wetu wanaokupa laki Jumatatu wakadai laki na thelathini Jumatatu inayofuata. Mtu anakopa kausha damu ili kulipa deni la mahakama! Anatoka kwenye riba ya mwaka anaingia kwenye riba ya wiki, kisa hataki kuonekana koridoni na watu wa kesi. Mimi nasema bora uonekane.

Nirudi kwa fundi, maana kuna jambo la simu. Hukumu ilipotoka habari zilimfikia kwa maneno ya watu, akaingiwa na hofu, akaanza kumtumia mkopeshaji laki moja moja kwa simu. Mara sita. Laki sita. Kwenye karatasi ya yule mzee wa kenta kiasi kilikuwa kile kile cha mwanzo, hakijapungua hata senti. Mkopeshaji hakusema, na mahakama haikuambiwa. Sheria hapa haina huruma: malipo ya nje baada ya hukumu yasipoingizwa kwenye kumbukumbu za mahakama, mahakama inayokazia hukumu, yaani inayosimamia itekelezwe, haiyatambui. Mshinda tuzo ana wajibu wa kuyaripoti, sawa, lakini wewe pia una haki ya kwenda kuomba yaandikwe. Usimwachie yeye. Ukituma laki leo, kesho peleka uthibitisho wa muamala na barua ya mistari mitatu, gonga muhuri nakala yako. Na ukimpa mtu taslimu bila karatasi kwa sababu "tunaaminiana", sina la kukusaidia, mlishafikishana mahakamani bado mnaaminiana nini?

Halafu zile cherehani. Hapa ndipo hasira yangu inapofikia koo. Sheria ile ile ina orodha ya vitu visivyokamatwa. Mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, hata mapambo ambayo kwa dini yake mwanamke hawezi kutenganishwa nayo. Vifaa vya kazi vya fundi vimo. Kwa mkulima, zana za kilimo. Nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake nayo imo, na laiti watu wangelijua hili, nusu ya usingizi uliopotea nchi hii ungerudi (ukiiweka rehani mwenyewe, hilo ni jambo jingine). Tulisimama pale watu kama thelathini, wenye diploma, wenye digrii, mwenyekiti wa mtaa akiwemo, na hakuna aliyefungua mdomo kusema: mzee, hicho ni kifaa cha fundi. Mimi nilikuwemo. Nililikumbuka nikiwa nakula usiku.

Habari ya kufungwa: ndiyo, mfungwa wa madai, anayefungwa kwa kutolipa deni la hukumu, yupo, tusidanganyane. Isizidi miezi 6, na anayekufungisha ndiye anayelipa posho yako humo, jambo linalowapunguza wengi kasi. Ukitoka deni halijafutika. Lakini kwa kawaida unaitwa kwanza ujieleze, na ukionyesha kwamba huna kwa sababu ya umaskini, mahakama inaweza kukuachia. Wanaoponzwa ni wajanja. Namjua bwana mmoja aliyeandikisha kiwanja kwa jina la shemeji yake ili kisikamatwe. Shemeji akakiuza, akanunua bajaji mbili. Bwana yule hana wa kumshtaki, ataanzaje kueleza?

Rufaa nayo haisimamishi ukazaji wa hukumu yenyewe kwa yenyewe, lazima uombe zuio. Na deni la mkopo wa kawaida si jinai, anayekutisha na polisi anakutisha tu.

Haya, niwape wanaonipinga haki yao, ingawa kwa shingo upande. Kuna wapeleka samansi wanaoitupa karatasi kwa mtoto wa darasa la pili wakaenda kuandika wamefikisha. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na bado kwenye mfuko wa fundi wetu nimekuta karatasi ya Kiingereza kitupu, kwa mtu anayesoma vipimo vya kiuno. Kupoteza siku nzima ya kazi kusubiri hakimu ambaye yuko kikaoni si mchezo. Na mkopeshaji? Naye ni mtu, ana haki ya hela yake.

Lakini hayo yote ni sababu ya kwenda na mtu anayejua. Wasaidizi wa kisheria wapo, na tangu 2023 kuna kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwambia mtu ajifiche chini ya kitanda ambacho, kwa bahati nzuri, hakikamatwi.

Yule bingwa wa kijiweni nilimuuliza jana: wewe mwenyewe umewahi kushtakiwa? Akasema hapana, ila ana binamu. Nikamuuliza binamu yuko wapi. Akasema yuko Kahama, kahamia huko, hapatikani hewani.

Kesho saa mbili asubuhi naenda na fundi mahakamani. Vitu havijauzwa. Tumeandika ombi la cherehani zirudishwe, na jingine la kuingiza zile laki sita. Usiku huu ameketi mlangoni anatafuta ujumbe wa miamala kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mtoto anamwandikia tarehe. Wamepata mitano. Wa sita alituma kwa wakala, kwa jina la mtu mwingine, na wakala huyo alishahama kibanda.