"Fine" yao haina "ila"

Jana asubuhi bibi mmoja ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee hapa Leeds, Uingereza, aliniambia yuko "fine", yaani mzima. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa kiti mpaka vimekuwa vyeupe. Nikaandika "fine" kwenye daftari. Mchana muuguzi akamkuta goti limevimba kama dafu. Sikulala.

Neno hili limenitesa miaka sita. Mchanga laini kama wa ufukwe wa Msimbati kwetu Mtwara, "fine". Jua likitoka, siku ni "fine". Nywele nyembamba, mvinyo wa bei, maandishi madogo yaliyojificha chini ya mkataba, yote "fine". Hata faini ya kuegesha gari ni shina lilelile, "finis" ya Kilatini, yaani mwisho. Na bosi akikujibu "Fine" na nukta, ujue umemuudhi.

Najua mtaniuliza: na "sawa" yetu je? Kweli, mke akivuta "sawaaa", mume chakula hakishuki. Lakini salamu yetu ina "ila". Mpe shikamoo bibi yeyote pale Mikindani: "Marahaba mwanangu, hatujambo, ila miguu hii..." Ataanza na goti, atashuka kisigino, atapanda kiuno, na bodaboda anakupigia honi. Simu za nyumbani ndiyo usiseme. Wazima wote, ila salfa, dawa ya mikorosho, haijafika, ila bati limetoboka, ila mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule. Kuna siku nilichoka nikakata simu, nikasingizia mtandao. Hilo najuta mpaka leo.

Sasa atakayesema nimekwenda Ulaya nikaota mapembe, anisikilize kwanza. Kiingereza sikitukani, ndicho kinachonilisha. Wala sisemi kwetu ni peponi. Mzee wa hapa ana muuguzi chumba cha pili na hasemi anapoumia. Bibi yangu anasema kila kitu, kwa kila anayepita, halafu zahanati anaambiwa dawa zimeisha, akanunue. Yote mawili yananiuma, na la kwetu linaniuma zaidi kwa sababu yeye amekwisha sema!

Leo bibi wa hapa kasema tena "fine". Sikushika kalamu. Nilivuta kiti, nikakaa karibu yake, nikamuuliza: "Ila?" Nilimuuliza kwa Kiingereza, lakini ilikuwa "ila" yetu ileile. Akatazama dirishani kitambo. Kisha akapandisha gauni kidogo, akanionyesha goti la pili.