Gari Langu la Mwaka 2040 Limeshaonyeshwa Tokyo

Mlango wa dereva wa Toyota IST yangu haufunguki kwa ndani. Miezi minne sasa. Nikitaka kushuka nashusha kioo, natoa mkono nje kama kondakta anayeita abiria wa Mbagala, napapasa kitasa, navuta, ndiyo nashuka na heshima zangu. Mvua ikinyesha naloa mkono mmoja tu. Mama watoto anasema mashati yangu yote yamechakaa upande wa kulia, asiyenijua anaweza kudhani nina wake wawili na mmoja hajui kufua.

Jumamosi nikaona basi, yatosha. Nikaenda Gerezani, kule kwa mafundi wa magari. Fundi akaugonga mlango kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akasikiliza, akasema, "Nusu saa tu, bosi." Nusu saa ya Gerezani naijua, inaanza asubuhi na kuisha alasiri. Nikatafuta tairi bovu, nikalikalia, nikawasha bando.

Ndipo nikakuta mpwa wangu amenirushia video za maonyesho ya magari ya Tokyo, yale yaliyofunguliwa mwishoni mwa Oktoba 2025 pale Tokyo Big Sight. Zamani yakiitwa Tokyo Motor Show. Tangu 2023 yanaitwa Japan Mobility Show, nadhani kwa sababu mle ndani siku hizi kuna vitu ambavyo hata wenyewe wanaona haya kuviita gari. Chini kaandika: "Mjomba, cheki ndinga za baadaye."

Baadaye ya nani? Hapo ndipo vijana wanapokosea. Mimi yale maonyesho siyatazami kama starehe. Nayatazama kama mtu anayeletewa picha ya mchumba aliyechaguliwa na wazee, tena mchumba atakayefika kwangu akiwa ameshaolewa mara mbili. Piga hesabu. Gari limeonyeshwa 2025. Tuseme linaingia sokoni 2027. Linachukuliwa na mstaafu mmoja mpole wa Kijapani, anakwenda nalo dukani na kurudi, miaka minane. Linaingia mnadani, linapakiwa melini, linashuka bandarini Dar, watu wa kodi, TRA, wanachukua chao, linanunuliwa na bwana wa Mikocheni. Anakaa nalo miaka mitano, anapiga nalo nguzo mara mbili. Mwaka 2040 dalali ananipigia: "Kaka, kuna chuma hapa, haijaguswa." Wakenya angalau wana sheria yao, gari likizidi miaka minane haliingii. Sisi huku tunalipokea tu, tunalitoza ushuru zaidi kwa kosa la kuzeeka.

Kwa hiyo ule mchoro wa leo pale Tokyo ndio matatizo yangu ya uzeeni. Nina haki ya kutoa maoni.

Nikaanza na Lexus. LS si mnaijua, gari la mkubwa, refu, linapita kimya kama mtu anayekudai. Safari hii wameleta LS yenye matairi sita. Mawili mbele, manne madogo nyuma. Wanasema matairi ya nyuma yakiwa madogo ndani panabaki nafasi, abiria anakaa kama yuko sebuleni.

Fundi akatoa kichwa kwenye mlango. "Mangapi?"

"Sita."

"Na spea?"

Sikuwa na jibu. Saizi mbili za tairi maana yake spea mbili. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa teksi wa siku nyingi, anasubiri rejeta yake izibwe. Akasema, "Hayo manane, kijana. Mimi nilikuwa na Fuso ya matairi sita. Niliiuza kwa sababu ya matairi sita." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na ile ilikuwa inabeba mahindi."

Sina la kuongeza hapo. Mimi nina manne, mawili ni kipara, na kila mwezi nayaombea dua.

Nikafungua Corolla. Hapo mzee wa teksi akasogea kabisa, maana Corolla kwake ni jina la ukoo, watoto wamesoma kwa Corolla. Nikamwonyesha hiyo ya maonyesho: pua imechongoka, bodi imekatwakatwa kama aliyeichora alikuwa na haraka na rula, na taa mbele ni mstari mmoja kutoka shavu hili hadi shavu la pili. Mzee akaitazama muda mrefu, kama mtu anayemtazama mjukuu aliyerudi kutoka chuo na hereni.

"Hii Corolla?"

"Wameandika Corolla."

"Taa ya kushoto iko wapi?"

Hilo ndilo swali! Nani kawaroga hawa wachoraji na huo mstari wa taa? Magari yote ya siku hizi ni mstari tu, mbele mstari, nyuma mstari. Gari langu bodaboda akilivunja taa ya kushoto, nakwenda mtaa wa pili, nanunua taa ya kushoto iliyotoka kwenye IST nyingine iliyogongwa kulia, biashara imekwisha, na majeruhi wote wawili wamesaidiana. Sasa huo mstari bodaboda akiugusa upembeni, ninunue taa ya upana wa kitanda?

Halafu vitasa. Mimi nimekaa kwenye tairi, jua utosini, kwa sababu ya kitasa kimoja, na kwenye video kila gari halina kitasa. Vimefichwa bapa ndani ya bodi. Unalisogelea gari, kitasa kinajitokeza chenyewe kukusalimia. Na siku umeme ukikata? Fundi aliposikia hilo alicheka mpaka akaweka spana chini. Hata China, ambako vitasa hivyo vimeshamiri kuliko kwingine, serikali imeona ajali na watu kushindwa kutoka, imeandika kanuni ya kutaka mlango uweze kufunguliwa kwa mkono hata umeme ukiisha. Ningeulizwa mimi ningewaambia bure. Nina uzoefu wa miezi minne.

Wachina lakini niwape haki yao, kuna kitu walileta kwenye maonyesho ya Shanghai mwaka 2023 kilinigusa. Ni kampuni ya BYD, gari linaitwa Yangwang U8. Likizidiwa na maji linaelea. Nasema linaelea, kama boti, hadi dakika 30. Nikamfikiria Mchina aliyelibuni, nikasema huyu lazima ana shangazi Dar, aliwahi kukwama Jangwani siku Mto Msimbazi umefurika na Barabara ya Morogoro imefungwa. Furaha ikanijaa. Kisha nikaanza kuwaza. Foleni ya pale hata bila maji inavuka nusu saa. Dakika ya 31 nafanyaje? Na mto ule unaelekea wapi? Watanikuta Daraja la Salenda nakwenda Zanzibar bila tiketi.

Ndugu yake, U9, hilo la michezo, linaruka. Linajikunja, linajirusha juu, matairi yote hewani. Kijana wa spana akasema hilo ndilo la kwetu, mashimo basi. Nikamwambia mdogo wangu, wewe hukai Tabata. Kule kwetu ukiruka shimo la kwanza unatua kwenye la pili, na la pili ndilo lenye maji.

Kuna Polestar 4, nalo la Shanghai mwaka huo huo, halina kioo cha nyuma. Kwa kweli halina, ni bati tupu, nyuma unaona kwa kamera. Jaguar nao Desemba 2024 wakaonyesha la kwao kule Miami, kioo cha nyuma hakuna. Naona kama kuna mkutano ulifanyika na sisi hatukualikwa. Kioo cha nyuma ndipo daladala inapoandika msimamo wake! "Wivu haujengi" utaiandika wapi, kwenye bampa? Na kamera ile ikishika tope la Januari, narudi nyuma kwa imani?

La BMW walilionyesha Las Vegas, Januari 2023, linabadili rangi lenyewe, rangi 32. Kadi yangu ya gari imeandikwa fedha. Hebu niambie, trafiki amenisimamisha, kadi inasema fedha, gari la zambarau, namwambia nini? "Afande subiri kidogo, linakuja." Faida niliyoiona ni moja. Wale wa mikopo ya kausha damu wanakutafuta una gari la fedha, wewe unawapita una la kijani, unawapigia na honi.

Kinachonitisha kuliko vyote, sema, ni skrini. Dashibodi nzima imekuwa televisheni. Vitufe vimeng'olewa. Kiyoyozi skrini, redio skrini, kwenye baadhi hata kisanduku cha mbele unakifungua kwa skrini. Sasa kumbuka hilo gari linakuja kwangu likijua lugha moja tu, ya kwao. Mimi tayari naishi na mama mmoja wa Kijapani ndani ya IST. Tangu nimelinunua, kila nikiwasha anasema maneno yake kwa upole kabisa. Miaka miwili nilidhani ananitakia safari njema. Nilikuwa namjibu. Mpwa wangu ndiye aliyetafuta akaniambia: anasema kadi ya kulipia barabara za kasi haijawekwa. Kumbe ananidai! Barabara ya kulipia ninayoijua mimi ni daraja la Kigamboni, na pale hawamtambui. Redio nayo ni ya kwao, mwisho wake masafa ya 90, stesheni za juu ya hapo sizipati mpaka nifungiwe kifaa, na kifaa nilifungiwa kikafa. Vitufe vyake lakini navijua kwa kupapasa, gizani, kama swichi ya nyumbani. Nipe skrini nzima ya Kijapani mwaka 2040, macho yangu haya yakiwa yameshachoka: nataka kufuta mvua kiooni, kiti kinalala, nipo Ubungo.

Nisiwe mtu wa kuponda tu. Toyota walikuwa na kiti pale Tokyo, wanakiita Walk Me. Kiti chenye miguu minne, mtu asiyeweza kutembea anakikalia, kinatembea, kinapanda ngazi, safari ikiisha kinajikunja. Hapo tulinyamaza wote. Mzee wa teksi akasema mkewe magoti yamekwisha na wanakaa ghorofa ya tatu. Akaomba nirudie ile video. Nikairudia mara tatu, bando langu, sikulalamika.

Halafu ikaja Land Cruiser FJ.

Ndogo. Imesimama wima, ina pembe, inafanana na gari. Taa ya kushoto iko kushoto. Nikasoma kwa sauti: injini ya petroli, lita 2.7, 2TR. Fundi akaacha kazi. "Soma tena." Nikasoma tena. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema ile si injini ngeni, ni ile ile ya Prado na Hiace, na spea zake ziko kwa yule Mpemba wa kona. Nikaendelea: bampa zimegawanywa vipande, pembe ikigongwa unabadilisha hicho kipande peke yake. Fundi akaomba kushika simu. Aliitazama bampa ile kwa macho ambayo sijawahi kumwona akimtazama mteja. Kuna mtu, Tokyo au Thailand wanakoiunda, aliyekaa chini akamfikiria mtu atakayegongwa na bajaji pembeni. Kwa mara ya kwanza siku ile nilijiona nimealikwa.

"Bei?" akauliza mzee.

Kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Saa kumi kasoro fundi akanipigia mluzi. Nikaingia, nikafunga mlango, nikavuta kwa ndani. Ukafunguka! Nikafunga, nikafungua, nikafunga, kama mtoto na friji mpya. Nikalipa, nikaongeza na ya soda. Nikawasha gari, joto la ndani linachoma, nikabonyeza kioo kishuke. Hakishuki. Nikabonyeza tena. Ndani ya mlango kukasikika kitu kikianguka, kidogo, cha chuma.

"Hiyo sasa ni kazi nyingine, bosi," fundi akasema. "Njoo Jumatatu. Nusu saa tu."

Kufika taa za Buguruni trafiki akanipiga mkono. Kioo hakishuki, nifanyeje, nikafungua mlango ili nimsikie. Akaruka nyuma, akadhani namshukia kwa shari. Nikaeleza. Akazunguka gari lote, akasoma stika, akaniamuru nizime na kuwasha tena aone taa za dashibodi. Nikawasha. Yule mama akasema maneno yake, kwa upole kama kawaida.

Afande akainama. "Huyo anasemaje?"

"Anakusalimia, afande."

Akasimama wima kidogo, akamrudishia salamu.