Loch Duich ni Hori, si Kioo

Jumamosi iliyopita, saa saba mchana, nilikuwa nimesimama ufuoni mwa Loch Duich, magharibi mwa Uskoti, wakati bwana mmoja aliyekuwa kando yangu alipokunja stendi ya kamera yake na kunishauri kwa upole nirudi jioni maji yatakapojaa, kwa sababu yamekupwa na hapana cha kupiga picha. Nilimshukuru, kwa kuwa nimelelewa vizuri, kisha nikanuna njia nzima ya kurudi Glasgow.

Hapana cha kupiga! Mbele yetu mwani wenye rangi ya embe bivu ulikuwa umelalia mawe, wote umeelekea kule maji yalikokwenda, na korongo mmoja alikuwa akivizia dimbwi pasipo kutikisa hata unyoya. Neno loch huwapoteza watu, maana Waskoti huliita hivyo ziwa na huuita hivyo pia mkono wa bahari, lakini sisi wa Tanga tunalo neno hori, na hori halina budi kupwa. Barafu ilichimba bonde hili kati ya milima, ikayeyuka, bahari ikaingia. Tangu hapo maji huja na kwenda mara mbili kwa siku, na siku ile ilikuwa bamvua, ufuo umefunuka hadi pale ambapo kwa kawaida hupita mashua. Kusubiri yote hayo yafunikwe, halafu kuweka filta nyeusi mbele ya lenzi na kuiacha kamera wazi kwa sekunde thelathini ili hata kiwimbi kilichosalia kigeuke moshi, ni kuipiga bahari picha kwa sharti kwamba isionekane kuwa bahari.

Tena wapiga picha hao hao wa maji tuli huapa kwamba wanaitafuta Uskoti ya kale, ilhali kasri la Eilean Donan wanalolielekezea lenzi lilibomolewa na manowari za Uingereza mwaka 1719, likakaa gofu kwa karibu miaka mia mbili, na hili linalopigwa picha lilikamilika mwaka 1932. Mwani ni mwenyeji zaidi.

Ninakiri, bila furaha, kwamba alfajiri isiyo na upepo, maji yakiwa yamejaa pomoni na vilele vya Dada Watano wa Kintail vikijitazama humo, Sgùrr Fhuaran na mita zake 1,067 ukiwa kichwa chini, picha huwa nzuri. Ninayo. Kila mtu anayo. Ninakiri pia kwamba mwani huteleza, kwani niliuangukia mara mbili, na visubi wa kiangazi wakaniona sina mikono ya kujitetea.

Usiku nilimtumia mama picha ya korongo na mwani. Hakuuliza habari za milima wala kasri. Alijibu: "Mwanangu, maji yamekwenda mbali hivyo, na hao watu wa huko hawashuki kuokota chaza?"