Joto la Uongo na Samaki wa Rula

Jamani, kuna joto la kweli na kuna joto la kukutafutia aibu. Hili la New Jersey, huku Marekani, mwezi Machi ni la aina ya pili, nawaambia mimi niliyeaibika.

Jumamosi naamka, simu inasema leo mchana digrii 26. Machi hii hii! Wiki mbili nyuma nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, vidole vimekufa ganzi. Natoka kutupa taka, nakuta mtaa mzima umevua nguo. Watu wa huku hawana subira na jua. Ikifika digrii 12 wanavaa kaptura, ikifika 20 wanajianika kwenye ngazi za nje kama ng'onda. Nami nikavuta pumzi ndefu ya shukrani, nikapiga chafya nne mfululizo, maana miti nayo ilikuwa imedanganyika, imemwaga chavua kabla ya zamu yake.

Na utabiri tulishapewa. Kila tarehe 2 Februari, pale Punxsutawney, Pennsylvania, wazee wenye kofia ndefu nyeusi wanamtoa mnyama mmoja mnene aitwaye groundhog, sura ya pimbi, tabia ya panya buku. Akiona kivuli chake, baridi itaendelea wiki sita. Wanafanya hivyo tangu 1887 na hawajachoka. Taifa lililopeleka watu mwezini linamuuliza panya habari za hali ya hewa! Kwetu Pangani ukitaka kujua kaskazi imeisha unamtazama mvuvi. Ukiona ameburura ngalawa juu na anashona tanga, ujue maleleji hayo, masika iko mlangoni.

Kosa langu lilianzia kazini. Pale ghalani ninapopiga shifti ya usiku, jua likichomoza kidogo tu wenzangu hawana habari nyingine ila straipa. Huyu ni samaki mwenye mistari myeusi ubavuni mpaka mkiani, kama aliyepigiwa mistari ya daftari, na baridi ikipungua anaelekea mito kama Hudson na Delaware kutaga. Akipita karibu na ufuko, watu wazima wanasahau ndoa zao. Wanasimama mchangani na fimbo ya futi kumi na moja, wanarusha chambo ng'ambo ya mawimbi, wanangoja. Basi siku moja wakati wa chai nikajisahau, nikasema, "Mimi mtoto wa mvuvi. Bahari naijua." Kimya. Wote wakanigeukia kama nimesema baba yangu ni Pelé.

Mnajua kinachouma? Baba yangu ameuza kolekole, changu na tasi miaka yote ile ili mimi nisome, nisije nikavua. Siku za shule hata mshipi alinikataza kuushika. Nimesoma, nimepanda ndege, nimefika Marekani, na sasa natoa hela yangu mwenyewe nikavue. Fimbo, hela. Chubwi, hela. Kuna bomba la plastiki la kuchomeka mchangani ili fimbo isimame, nalo hela, na ukilitazama vizuri ni lile lile bomba la maji machafu, wamelikata mshazari tu. Cha bure ni kimoja: New Jersey haidai leseni ya kuvua baharini, inataka ujiandikishe basi. Ile fomu niliisoma mara tatu natafuta mtego ulipo.

Halafu chambo. Wana kitu wanaita minyoo wa damu. Wanachimbwa kwa mkono kwenye matope ya pwani ya Maine maji yakipwa, wanafungwa ndani ya mwani, wanasafirishwa, na ukifika kaunta unalipa zaidi ya dola moja kwa mnyoo mmoja. Mmoja! Sisi utotoni tulikuwa tunafukua chambo ufukweni kwa kijiti, na tukichoka tunarushiana. Nikanunua dazani, nikawahesabu mbele ya muuzaji. Mimi sitaki dhambi, nataka minyoo kumi na mbili.

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Baba Zuhura, kavae koti."

"Mama Zuhura, digrii 26."

"Kavae koti."

Nikaondoka na kaptura, kandambili na jezi ya Coastal Union.

Nilikwenda Sandy Hook, ulimi wa mchanga uliojinyoosha baharini kaskazini mwa pwani ya jimbo. Pana mnara wa taa wa mwaka 1764, yaani mnara umeitangulia nchi yenyewe. Njiani nikawa natazama kipimajoto cha gari. Kutoka nyumbani 26. Nikakaribia pwani, 22. Nikavuka daraja, 17. Nikadhani kimeharibika, nikakigonga kwa kidole. Kikasema 11.

Nafungua mlango, upepo wa bahari ukaniingia kwenye kaptura kama una shughuli maalumu humo. Hapo ndipo nilipolielewa somo la jiografia ambalo mwalimu wetu alilichora ubaoni na sisi tukacheka. Nchi kavu inapata moto kwa asubuhi moja, bahari inataka wiki na wiki. Hewa ya bara ikipanda, ya baharini inakuja kuziba pengo, na hii ilikuwa imepita juu ya maji ya digrii 6. Friji langu nimeliweka 4. Kwa hiyo joto lote lile la Jumamosi lilikuwa la barabarani tu. Bahari haikuwa na taarifa.

Kurudi siwezi, kazini nilishajinadi. Nikafungua kopo, nikamshika mnyoo wa kwanza kichwani. Akatulia, nikamwona mpole. Ghafla kinywa chake kikachomoza kama soksi inayogeuzwa, na ndani mna meno manne meusi. Wataalamu wanasema meno hayo yana shaba. Mimi sikuhitaji mtaalamu, yalikuwa kwenye kidole gumba changu. Nimemlipia dola na ushee, nimemwendesha garini na kiyoyozi, na bado kaniuma. Nikampiga kelele kwa Kidigo. Kiingereza kinachelewa kwenye mambo ya maumivu.

Hatua kama ishirini kutoka kwangu alikaa mzee mmoja wa Kimarekani. Viatu vya mpira mpaka kifuani, koti la machungwa, kiti cha kukunja, chupa ya chai. Alizitazama kandambili zangu kwa utaratibu, kama daktari anayesoma eksirei, akanipungia mkono. Nikampungia. Meno yangu yalikuwa yanapiga msondo.

Saa ya kwanza, kimya. Saa ya pili, kimya, na vidole vya miguu vimeshaniaga. Mara fimbo ikainama! Nikaruka, nikazungusha, nikavuta. Kizito, kimejibandika chini, hakikimbii, kinagoma tu kama mtu anayedaiwa. Mkono ukakumbuka wenyewe: vuta, legeza, ngoja wimbi likuletee. Mzee yule akasimama. Wimbi likavunjika, likamlaza mbele yangu.

Taa! Mpana kama sinia, tumbo jeupe, anapiga mabawa mchangani. Nyie, mimi nilishaona tui. Nilishaona ndimu, pilipili mbuzi, bizari, wali upande wa kulia. Machozi yalinilenga, na si kwa baridi peke yake. Nainua uso kumshukuru Mungu, nashusha uso, mzee keshafika na koleo lake. Kamnyofoa ndoana kwa ustadi, kamshika mkia, kamrudisha baharini. Akanipiga bega kwa huruma. "Pole sana," akasema, "wanasumbua hawa kipindi hiki. Wanatumalizia chambo."

Nilibaki nimenyoosha mikono kama mtu aliyepokonywa mtoto.

Akaona sura yangu, akadhani nimekata tamaa, akaamua kunifariji kwa maarifa. Straipa, akasema, anachangamka maji yakifika kama digrii 10. Huku upande wa bahari kuu bado sana. Lakini ghuba ya Raritan kina kifupi, chini tope jeusi, jua la siku mbili tatu tu linaipasha. Wa kwanza wanaonekana huko. Nikamuuliza ghuba iko wapi. Akanyoosha kidole nyuma ya mgongo wangu. Ng'ambo ya barabara! Ule ulimi wa mchanga una bahari upande mmoja na ghuba upande wa pili, na mimi mtoto wa mvuvi nimesimama saa mbili nimewapa samaki kisogo. "Na wewe mbona uko huku?" nikamuuliza. Akasema yeye amekuja kupumzika tu, nyumbani kuna wajukuu.

Nikaingia garini, nikafungulia joto mpaka mwisho, nikampigia baba. Huku ni saa tisa alasiri, Pangani saa nne usiku, keshaswali Isha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona midomo ya buluu?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka nilipofika kwenye sheria. Straipa aliye chini ya inchi 28 unamrudisha. Aliyezidi 31 unamrudisha pia, tangu 2023. Na anayebaki, mmoja tu kwa siku. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka vidole vyake vinne mbele ya kamera. "Kwa hiyo ruhusa yenu ni upana huu? Na samaki anajuaje?"

Nikamweleza kwamba wale wakubwa ni majike, mmoja anabeba mayai kwa mamilioni, na walishavuliwa mno. Hapo hakucheka. Akasema hilo la mayai lina akili, na kwamba kule kwetu waliopiga baruti miaka ile wangekuwa na rula hata moja, yeye leo asingenunua kibua sokoni. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Lakini hukutoka mikono mitupu?"

"Nilipata taa."

Uso ukang'aa. "Mkubwa?"

"Sinia."

"Mwambie mkeo amtie nazi ya..."

"Amerudishwa, baba."

"Kapungua inchi?"

"Hapana. Mzee mmoja kamrudisha. Kanihurumia."

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani bando limekwisha. Kisha nikasikia anamwita mama: njoo umsikilize mwanao, tulimsomesha.

Leo Jumapili ni digrii 3 na theluji inadondoka nyepesi nyepesi, panya wa Pennsylvania bila shaka anacheka huko shimoni. Niko kitandani, blanketi mbili, mafua. Minyoo tisa wamebaki, siwezi kuwatupa, ni zaidi ya dola tisa wale. Wanatakiwa wakae baridini, kwa hiyo nimewaweka kwenye friji, kwenye kopo la siagi, nyuma kabisa. Mama Zuhura sijamwambia bado. Nasikia anatafuta cha kupaka mkate.