Nane Zangu Tano

Naona mmeshaanza kuniita Mchina. Rafiki yangu, ambaye ndiye bwana harusi mtarajiwa na kwa hiyo ana maslahi yake katika kesi hii, kawaambia ahadi yangu ya mchango wa harusi yake niliiandika kwa nane tupu, eti natafuta bahati kama Wachina wanaoamini nane ina bahati. Mwongo mkubwa. Ngojeni niwape yenyewe, halafu mcheke kwa haki.

Alhamisi kioo cha simu yangu kilipasuka. Fundi wa Kariakoo akaniambia kioo kipo ila hakipo, mafundi mnawajua, nirudi Jumatatu. Nikafukua droo, nikaibuka na Nokia X3-02 yangu ya mwaka 2010. Laini ya siku hizi ni kama kipande cha ukucha, ikabidi niipachike kwenye adapta ndipo simu ikaitambua. Ikawaka. Nikajiona kijana.

Kwa mliozaliwa juzi: ile simu ina skrini ya kugusa ya inchi 2.4, na chini yake vitufe vya namba vya kubonyeza. Ulikuwa mwaka wa mioyo kugawanyika ule, skrini ya kugusa au vitufe. Mwezi uleule wa Agosti ilipotangazwa hii, BlackBerry nao walileta simu yao ya Torch, unasukuma skrini juu, kibao cha herufi kinachungulia chini. Ila X3-02 ina mpangilio wake. Sisi sote tumezoea safu nne za vitufe vitatu vitatu, sifuri chini kabisa katikati, nyota kushoto kwake, reli kulia. Humu safu ni tatu, kila moja vitufe vinne. Nyota, sifuri na reli zimehamishiwa ubavuni kulia, zimejipanga kama watoto wanaosubiri uji. Sifuri ni jirani wa sita. Na pale chini katikati, kwenye kiti cha sifuri, kakaa nane.

Shikeni hapo.

Simu haina kosa. Kila kitufe kimeandikwa namba yake, mwenye macho ataona. Mwenye kosa ni kidole gumba changu na majivuno yake. Mimi ndiye niliyekuwa naandika meseji chini ya dawati huku namtazama mwalimu usoni kama mwanafunzi bora. Tangu kidato cha tatu sijawahi kuangalia vitufe, na sikuona sababu ya kuanza Jumamosi hii ndani ya daladala la kutoka Mbagala, mkono mmoja umening'inia bombani, uso umebanwa kwapani kwa mtu.

Kikao cha harusi kilikuwa saa kumi. Saa kumi na nusu bado niko Mtoni. Nikaona ni ustaarabu kumtaarifu mwenyekiti, tena nimalize na ahadi yangu humohumo: laki moja, ambayo hata yenyewe ilikuwa ya kujikaza. Nikachapa, nikatuma, nikatia simu mfukoni. Sikusoma. Ya nini kusoma kazi ya bingwa?

Nilipoingia ukumbini watu wakasimama.

Nikageuka nyuma kuangalia nani anaingia. Hakuna mtu. Mama mmoja akapiga kigelegele. Kijana akanivutia kiti cha mbele, kile chenye mto, nikaletewa soda ya baridi wakati wenzangu wana maji ya uvuguvugu. Nikasema moyoni, kumbe watu wananipenda, basi tu hawasemi. Mwenyekiti, mzee wa watu, akampa katibu simu yake. "Mwanangu, wasomee tena, mwenyewe asikie."

Katibu akakohoa. Akasoma kama ilivyoandikwa, maana dada yule ni mwalimu, haruki herufi:

"Shikamootmwenyekiti.tnipotnjiani.tahadityangvnit188888.tasante."

Ukimya. Babu mmoja akauliza kama mimi ni mwenyeji wa Urusi.

Mnaojua simu hizi mmeshaelewa. Kitufe cha sifuri ndicho pia cha kuacha nafasi kati ya neno na neno. Kidole changu kilikuwa kinakwenda chini katikati kutafuta nafasi, kinamkuta nane, na nane ukimgusa mara moja anakupa T. Lile "yangv" msinicheke peke yangu: U ni nane mara mbili, nikaongeza nafasi yangu juu yake, ikawa nane mara tatu, ndiyo V. Ni hesabu safi kabisa. Na zile sifuri tano za laki moja, nilizozishikilia moja moja kwa umakini, zote zikazaliwa nane.

"Laki moja," katibu akarudia taratibu, akifurahia kila neno, "elfu themanini na nane, mia nane, themanini na nane!"

Vigelegele. Nilisimama niseme ni makosa ya uchapaji. Naapa nilisimama. Lakini mama mkwe mtarajiwa wa rafiki yangu alikuwa ananitazama kwa macho ya "angekuwa huyu ndiye anayemuoa mwanangu", ulimi ukagoma.

Na hapo ndipo simu ikaita. Mke wangu. Yumo kwenye grupu la kamati, ameshaiona ahadi. Nikakimbilia kitufe chekundu, tena bila kuangalia, mjinga hafundishwi mara moja. Mke wangu akawa amekata mwenyewe, na nilichobonyeza mimi hakikuwa chekundu. Kwenye mstari uleule kuna kitufe cha muziki.

Singeli.

Nikataka kuizima. Simu haina vitufe vya mishale, lazima uguse skrini, na skrini yake si ya kupapasa kama hizi zenu, inataka kukandamizwa kwa ukucha. Kucha zangu mimi huwa nazitafuna. Nikakandamiza kwa kidole chenye soda, ikaongezeka sauti. Nikakandamiza tena, wimbo ukaruka, ukaja mwingine wenye matusi zaidi. Mzee mwenyekiti kichwa kilikuwa kinafuata mdundo, nilimwona, asikatae. Mwisho nikafyatua mfuniko wa chuma wa nyuma nikang'oa betri, ikaniponyoka, ikaingia chini ya kiti cha mama mkwe. Nikapiga magoti kuifuata. Ndiyo ile picha mliyotumiwa. Sikuwa nalia.

Yaliyofuata mafupi: nyumbani nililala sebuleni, fundi kasema Jumatatu ijayo, na rafiki yangu kakataa kabisa kunishushia hata zile themanini na nane za mwisho.

Leo asubuhi mhazini kanitumia ujumbe: "Kaka, tunasubiri nane zako." Nikamjibu palepale, kwa adabu:

"Sawatkaka."