Makao ya wasio na pa kulala Tabora: kujenga ni rahisi, mlinzi atalipwa na nani?

Upo mpango unaopendekezwa kwamba Manispaa ya Tabora itenge fungu la makao ya watu wazima wasio na pa kulala. Ukiutaja, swali la kwanza utakaloulizwa ni moja: kwani vyoo vya shule vimetosha? Ni swali la haki. Sensa ya 2022 iliihesabia manispaa hii watu zaidi ya 300,000, na diwani gani hana boma la darasa au zahanati analoliombea mabati? Mtu anayelala kwenye baraza la duka hana hata mtaa wa kupigia kura. Katika kugawana kidogo kilichopo, yeye ndiye rahisi kusahauliwa.

Wengi tukimtaja mtu huyo tunamwona ombaomba. Tabora ina sura nyingine. Reli ya Kati ilifika hapa 1912, tawi la Mwanza likakamilika 1928, na tangu hapo mji huu ni mahali ambapo safari za watu hukatika. Kila msimu vijana wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, huja kulima tumbaku wilaya za jirani za Urambo, Kaliua na Sikonge. Kibarua anakula kwa mkopo miezi yote hiyo, akitegemea ujira baada ya tumbaku kuuzwa. Tajiri mwenye shamba akikokotoa, unga na maharage vimeshaumeza ujira wote. Anafika mjini na begi moja, nauli ya kurudi kwao hana, na aibu ya kurudi mikono mitupu inamzuia hata kupiga simu nyumbani. Wapo pia vikongwe waliofukuzwa vijijini kwa kuitwa wachawi, jambo ambalo ukanda huu wa Unyamwezi na Usukuma unalijua vizuri kuliko tunavyopenda kukiri. Na wapo wagonjwa wa akili ambao ndugu wamechoka nao. Ukiwaweka wote chini ya jina moja umeshakosea kupanga.

Wanaopinga wana hoja tatu, na hazina uzito sawa. Ya kwanza ni kwamba ukoo ndio makao: manispaa ikifungua nyumba, watu watawatupa wazee wao humo. Hofu hii ina ukweli kidogo, ila aliyefukuzwa kwa tuhuma za uchawi ukoo wake ndio uliomfukuza. Ya pili ni kwamba nyumba itawavuta watu kutoka wilaya zote. Sidhani kama kuna anayepanda gari Kaliua kufuata mkeka na uji. Ya tatu ndiyo nzito: Ipuli tayari kuna makazi ya wazee ya serikali, kwa nini fedha zisiende huko kuboresha kilichopo? Kwa vikongwe, nakubali kabisa. Kwa kibarua wa miaka 25 anayehitaji siku chache na nauli, Ipuli si mahali pake.

Tusisahau kwamba kutofanya kitu nako kuna gharama, ila hailetwi mbele ya Baraza la Madiwani. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, bado inamtambua mzururaji na ombaomba kama mkosaji. Mgambo akimkamata, polisi watamweka, hakimu atamsikiliza, pengine gereza litamlisha. Zote hizo ni fedha za umma, na akitoka anarudi barazani palepale. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia maskini, nayo husaidia kaya, na kaya hutambuliwa na mkutano wa mtaa au kijiji. Asiye na kaya hapiti mlango huo.

Kwa hiyo nauunga mkono mpango, lakini kwa namna ambayo huenda wanaoushabikia wasiipende: sitaki jengo jipya. Jengo ndiyo sehemu rahisi. Linahesabiwa kuwa mradi wa maendeleo, linawekewa jiwe la msingi, linapigwa picha. Mlinzi wa usiku, maji, umeme, sabuni, unga wa uji na afisa ustawi wa jamii ni matumizi ya kawaida, na kwenye bajeti ya halmashauri fungu hilo ndilo hukatwa kwanza makusanyo yakiyumba. Nchi hii ina nyumba za waganga wa zahanati zisizo na waganga. Makao yasiyo na mlinzi yatakuwa pango la wavuta bangi mwaka huohuo, na wapinzani watasema tuliwaambia.

Afadhali manispaa ikodi nyumba ya kawaida karibu na stesheni au stendi, vitanda vichache, wanaume na wanawake vyumba tofauti, kisha ithibitishe kwa mwaka mzima wa fedha kwamba inaweza kulipa mishahara na maji bila kukwama. Ikishindwa hapo, ghorofa lisingeiokoa.

Kuna jambo jingine la haki ambalo sijasikia likijadiliwa ipasavyo. Ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3 tangu 2017, huingia kwenye halmashauri za kule tumbaku inakolimwa. Kibarua aliyeipanda, akikwama, hukwama mjini. Urambo inachukua ushuru, Tabora inachukua mtu. Wakurugenzi wa halmashauri hizi wanaweza kukaa meza moja na kuchangia nauli za vibarua, tena hesabu yake ni ndogo kuliko posho za kikao chenyewe (samahani, lakini ni kweli). Na reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, itaongeza wanaokuja kutafuta kibarua na kukosa.

Kwa wagonjwa wa akili, hapo wapinzani wananibana. Mlinzi na afisa ustawi mmoja hawawezi kumtunza mtu aliyechanganyikiwa saa nane za usiku, na kumchanganya na kikongwe chumba jirani ni hatari kwa wote wawili. Wao wanahitaji kitanda na dawa hospitali ya Kitete, na wengine rufaa ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Mpango ukiwasilishwa bila makubaliano ya maandishi na hospitali, diwani ana haki ya kuukataa, hata kama kila kitu kingine kimekaa sawa.